Makulia ya Samaki Wachanga: Mwongozo Kamili wa Kuyatambua, Kuyapima na Kuyalinda, Kuanzia Kingo za Mtera na Hombolo hadi Mikoko ya Rufiji

Samaki wanaofika katika masoko ya Dodoma kutoka Mtera na Hombolo hawakukulia katikati ya bwawa. Perege anayejaza sahani alianza maisha mahali ambapo maji hayafiki magoti ya mtu mzima, ndani ya nyasi zilizofurikwa, juu ya matope ya uvuguvugu ambayo wengi wetu huyapita bila kuyatazama, au huyatazama kama shamba ambalo bado halijakauka. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wanachama wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, viongozi wa vijiji vilivyo kando ya maji, walimu, na mkazi yeyote wa kanda ya kati anayetaka kujua ni wapi hasa vifaranga vya samaki hukulia na afanye nini ili mahali hapo pasipotee. Pwani, ambako jambo hili limetafitiwa zaidi, mahali pa namna hiyo ni mikoko, nyasi za baharini na midomo ya mito. Kwetu ni kingo za mabwawa na mbuga zinazofurika. Kanuni ni zilezile, na kwa sehemu kubwa hata maji ni yaleyale.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno

Watu wa uvuvi hutofautisha mahali pa namna tatu. Mazalia, ambako samaki hutaga. Makulia, ambako vifaranga hukaa hadi wapate ukubwa wa kujitegemea. Na malisho, ambako samaki wakubwa hutafuta chakula. Mara nyingine mazalia na makulia huwa mahali pamoja, na mara nyingine hutenganishwa na safari ndefu. Perege dume huchimba kiota cha duara kama kisahani kwenye mchanga au tope la maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake na kuyaatamia humo, yeye na vifaranga wakiwa pamoja kwa takribani wiki mbili, kulingana na joto la maji. Anapowaachia, huwapeleka kwenye nyasi. Ukitulia mahali pamoja asubuhi utamwona jike amesimama kwenye maji ya kina cha kiganja, wingu la vifaranga likielea mbele ya pua yake, na kivuli chako kikianguka juu yao wingu lote huingia kinywani mwake mara moja.

Kambale hana malezi ya namna hiyo. Mvua kubwa za mwanzo zinapojaza mbuga, wakubwa huingia usiku kwenye nyasi zilizofurikwa, hutaga mayai yanayonata kwenye majani, kisha huondoka. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu, na mtoto wa kambale hubaki peke yake. Bado hajaweza kupumua hewa ya juu kama wazazi wake, kwa maana kiungo hicho hukua baadaye, kwa hiyo anategemea mashavu yake, chakula kidogo kidogo kinachoelea majini, na majani ya kujifichia. Ningu naye hupanda mto unapofurika akataga huko, na watoto hushuka na maji hadi mahali palipotulia.

Baharini mpangilio ni wa namna nyingine. Kamba wakubwa hutaga nje baharini. Watoto wao huletwa na maji kujaa hadi ndani ya vijito vya mikoko, wakakulia humo kwa miezi michache, kisha hurudi nje. Mwatiko huingia kwenye maji mafupi ya mikoko akiwa mdogo kama sindano, na tasi hukulia ndani ya nyasi za baharini. Katika hali zote hizi sababu ni tatu: chakula kingi, maji yenye joto linaloharakisha ukuaji, na vizuizi, yaani mizizi, majani au maji yenye tope, vinavyomzuia samaki mkubwa asiwafikie wadogo. Sehemu ikikosa moja ya hayo matatu huwa kituo cha kupita tu.

Jua maji yako yanaelekea wapi

Kabla ya kushika kipimo chochote, chora ramani. Mkoa wa Dodoma una jambo ambalo wakazi wengi hatulifikirii: maji yake huenda njia tatu. Upande wa mashariki, mto Kinyasungwe hupita Hombolo, ambako bwawa lilijengwa mwaka 1957, ukaelekea Gulwe na Kilosa na kuungana na mfumo wa Wami, ambao mdomo wake uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Upande wa magharibi, mto Bubu unaotoka Kondoa huishia katika mbuga ya Bahi, isiyo na njia ya kawaida ya kwenda baharini. Kusini, Kizigo na Ruaha Mkuu huingia Mtera, na kutoka hapo maji hupita Kidatu, huingia Rufiji, hupita bwawa la Julius Nyerere, na mwisho hufika kwenye delta yenye takribani hekta 50,000 za mikoko, eneo ambalo tangu mwaka 2004 limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Andika kwenye ramani kijiji chako kiko kwenye njia ipi kati ya hizo. Udongo unaoporomoka kutoka kwenye korongo la Chamwino hufunika nyasi za Hombolo, na ule unaopita hapo huendelea kushuka na Kinyasungwe. Pia kuna sababu ya pili, itakayoonekana kwenye hatua ya mwisho: samaki wa njia moja hawapaswi kuhamishiwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: ruhusa na wenyeji

Nenda kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa uvuvi wa wilaya, ueleze unachotaka kufanya na uombe kibali cha maandishi, kwa sababu utatumia wavu wa matundu madogo sana, ambao mtu asiyekufahamu akikuona nao ana haki ya kukushuku. Usianze bila karatasi hiyo.

Kisha uliza. Wavuvi watakuambia wanapovua, na hilo si jibu la swali lako. Wanaojua makulia ni akina mama wanaochota maji, watoto wanaochunga mbuzi, na wazee walioacha kuvua. Karibu na Mtera niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa Kigogo, baada ya kumwamkia na kukaa naye kwa muda, ni wapi samaki wadogo huonekana kwanza mvua zikianza. Hakunionyesha bwawa. Alinyoosha fimbo yake kuelekea mbuga kavu yenye nyasi za manjano, karibu kilomita nzima kutoka kwenye maji, akasema, "Hapo, mwanangu. Subiri Februari." Nilirudi Februari, na palikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu yaliyojaa vifaranga. Uliza kwa namna hiyo: mwezi gani, mahali gani, maji yalifika wapi mwaka wa mvua nyingi na wapi mwaka wa ukame.

Hatua ya pili: tembea ukingo

Mvua za kanda ya kati huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kwa hiyo ukaguzi wa maana hufanyika kati ya Januari na Mei. Tembea mara moja kabla ya mvua, uone ardhi ilivyo ikiwa kavu, kisha kila baada ya wiki mbili maji yanapopanda. Mtera hasa inahitaji uvumilivu. Bwawa hilo, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kukihifadhia maji kituo cha umeme cha Kidatu, hujaa likifika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu kwenye ardhi tambarare ni mwendo mrefu sana kwa miguu, hivyo makulia ya Mtera husogea mwaka mzima, na ramani ya mwezi mmoja haitoshi.

Katika kila sehemu utakayosimama, andika kina cha maji, aina ya mimea na uwazi wa maji. Kina pima kwa fimbo yenye alama za sentimita kumi kumi. Sehemu inayokuhusu ni ile isiyozidi mita moja. Mimea itofautishe kwa makini: matete, mafunjo, nyasi za nchi kavu zilizofurikwa, visiki na matawi ya miti iliyozama, ambayo Mtera inayo mingi. Nyasi za nchi kavu zilizofurikwa karibuni, ambazo mgeni huziona kama mabaki yanayooza, kwa uzoefu wangu ndizo zenye vifaranga wengi kuliko zote, kwa sababu kuoza huko ndiko kunakolisha vijidudu wanavyokula. Uwazi wa maji pima kwa sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba katikati: ishushe taratibu hadi isionekane, kisha soma urefu wa kamba. Ukifanya hivyo kila safari, daftari lako litaonyesha ni mvua ipi iliyoleta tope na tope hilo lilikaa siku ngapi.

Watazame ndege pia. Yangeyange na korongo wakisimama wengi mahali pamoja kwenye maji mafupi alfajiri, kuna kinachowaleta.

Hatua ya tatu: chota, hesabu, pima, rudisha

Hatua hii ndiyo inayotenganisha maneno na ushahidi, na ndiyo inayoua samaki ikifanywa vibaya, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Tengeneza wavu wa kuchotea: fremu ya waya mzito yenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, mfuko wa kitambaa cha wavu wenye matundu ya milimita moja au mbili, na mpini wa mti wa mita moja na nusu. Andaa beseni jeupe la plastiki, chupa angavu ya mdomo mpana, rula ya plastiki, daftari na penseli, kwa kuwa wino hufutika ukilowa. Chagua sehemu tatu zenye mimea na sehemu tatu tupu zisizo na mimea zenye kina kilekile. Watu wengi huziacha zile tupu kwa kuona hazina faida, na bila hizo huwezi kuthibitisha chochote: idadi ya vifaranga kwenye matete haina maana hadi uilinganishe na idadi ya mahali pasipo na matete.

Fanya kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mwaka wa kwanza nilichelewa, nikaanza kupima karibu saa saba mchana. Maji ya beseni yalipata moto kwa dakika chache tu, vifaranga wakaanza kupanda juu wakifungua vinywa, na kabla sijamaliza kuandika mistari kumi wengi walikuwa wamegeuka tumbo juu. Tangu siku hiyo huweka beseni kwenye kivuli cha mwavuli, hubadilisha maji kila baada ya michoto miwili, na sianzi kabisa kazi jua likishakuwa kali. Usianze pia kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mimea hutumia hewa ya majini usiku kucha, na alfajiri vifaranga huwa wamechoka tayari.

Ingia majini taratibu na usimame dakika mbili hadi tope litulie. Tumbukiza wavu, uuvute kwa mita mbili kwa mwendo mmoja karibu na chini, kisha uinue. Huo ni mchoto mmoja. Mimina kwenye beseni lenye maji ya pale pale ya kina cha vidole vitatu. Hesabu wote, kwa kila aina. Lowesha mikono kabla ya kumgusa samaki yeyote, maana mkono mkavu humwondolea ute unaomkinga mwilini. Pima urefu wa vifaranga 20 wa kwanza bila kuchagua, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, ukimweka kila mmoja ndani ya chupa yenye maji na rula ikiwa nyuma ya chupa badala ya kumlaza juu ya kiganja. Kipimo cha namna hiyo hupotoka kidogo, lakini samaki huishi. Warudishe palepale ulipowatoa, si pembeni. Fanya michoto kumi katika kila sehemu.

Kuwatambua si kugumu ukishawaona mara chache. Kifaranga cha perege ni bapa ubavuni, macho yake ni makubwa kuliko unavyotarajia, na kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, ana doa jeusi. Mtoto wa kambale ana kichwa kipana na mwili mrefu unaopungua kuelekea mkiani, na wengi humdhania kiluwiluwi wa chura. Mtie kwenye chupa angavu uitazame kwa kuielekeza kwenye mwanga: kambale ana sharubu jozi nne kuzunguka mdomo, nyembamba kama nyuzi, zinazocheza wakati wote, kiluwiluwi hana, na mwili wake ni duara linaloburuta mkia.

Hatua ya nne: amua kama kweli ni makulia

Wingi wa vifaranga peke yake hautoshi. Dimbwi linaloelekea kukauka linaweza kuwa na vifaranga wengi kuliko matete yote, na wote wakafa kabla ya Juni. Mahali hustahili kuitwa makulia pakitimiza mambo manne kwa pamoja: vifaranga ni wengi kuliko sehemu nyingine, wanakua, wanabaki hai, na mwishowe wanatoka kujiunga na samaki wakubwa.

La kwanza unalipata kwa hesabu. Tuseme sehemu moja ya matete ilikupa vifaranga 64 katika michoto kumi na sehemu tupu ikakupa 9. Wastani ni 6.4 dhidi ya 0.9 kwa mchoto, na tofauti hiyo inazungumza. La pili unalipata kwa kulinganisha urefu kila baada ya wiki mbili. Ikiwa wengi walikuwa wa sentimita 2 na safari inayofuata wengi ni wa 3, wanakua. Ikiwa urefu haubadiliki safari tatu mfululizo, usikimbilie kusema hawakui: huenda wapya wanaingia kila mara huku wakubwa wakihama, au huenda wakubwa wanavuliwa na kuliwa. Nenda kwenye maji yenye kina kirefu kidogo kuliko hapo, kando ya matete upande wa bwawa, uchote huko, na hapo utalipata na la tatu. Ukiwakuta wa sentimita 5 na 6, wamebaki hai na wanahama salama. Usipowakuta, chunguza kama kuna anayewavua kwa chandarua.

La nne huwa tunalisahau, nalo ni njia. Matete yaliyojaa vifaranga lakini yaliyokatwa na tuta la shamba au barabara ya ng'ombe yasifikie maji makubwa ni mtego. Fuata njia ya maji kwa miguu hadi uione ikifika bwawani.

Anayefanya kazi hii kwenye mdomo wa mto, Saadani au Rufiji, atatumia utaratibu huohuo kwa marekebisho machache. Badala ya misimu tu, ataangalia pia maji kujaa na kupwa, na atachota wakati maji yanapoanza kutoka kwenye vijito, kwani hapo vifaranga hushuka wakitoka kwenye mizizi. Sehemu zake za kulinganisha zitakuwa mizizi ya mkoko, mizizi ya mchu, nyasi za baharini na tope tupu. Atapima pia chumvi ya maji, kwa sababu mto ukipunguza maji yake, chumvi hupanda ndani zaidi ya delta, na ukizuiliwa tope lake, kama linavyofanya bwawa lolote kubwa lililo juu yake, ardhi ya mikoko hukosa udongo wa kuijaza. Huku juu shida yetu ni tope kuzidi, na kule chini inaweza kuwa tope kupungua, jambo linalomtaka anayepanga matumizi ya maji azipime pande zote mbili.

Hatua ya tano: orodhesha yanayoharibu

Kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokotwa, huburuta chini, hung'oa mimea na kufukua viota vya perege. Samaki wadogo wanaorudishwa majini baada ya kukokotwa wengi wao hawaponi. Chandarua hukusanya kila kitu. Utupa na sumu nyingine, zinazokatazwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, huua vifaranga kabla ya wakubwa. Haya yanajulikana, na sitayarefusha.

Yasiyosemwa sana ni udongo na jembe. Yai la kambale linalonata kwenye jani likifunikwa na tope hukosa hewa. Kanda hii ina historia yake katika jambo hilo: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Uliendeshwa kwa ajili ya ardhi, lakini kila korongo lililozibwa juu lilipunguza mchanga unaoingia Bubu na Bahi.

Kuhusu jembe, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Swali la Mtera ni mita 60 kutoka wapi, ikiwa ukingo unahama. Ushauri wangu ni kupima kutoka alama ya maji yalipofika juu kabisa. Hata hivyo ardhi inayoachwa na maji hulimwa na watu wasio na shamba jingine, na kuwaambia wasilime kabisa ni kuanzisha ugomvi ambao samaki hawatashinda. Kubalianeni nao mambo mawili: waache vipande vya nyasi visivyolimwa, upana wa hatua ishirini kati ya shamba na shamba, na wakishavuna wasichome mabua wala kuyang'oa. Ardhi iliyopigwa jembe ikabaki tupu hufurikwa bila kuwa na pa kujifichia. Ardhi yenye mabua na nyasi hufurikwa ikiwa nyumba tayari.

Hatua ya sita: weka mipaka na muda

Peleka daftari lako, si maoni yako, kwenye mkutano wa BMU, kisha halmashauri ya kijiji. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982: halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili na kupitisha, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Kabla ya idhini hiyo faini yoyote mtakayotoza haina nguvu, na mtu mmoja mwenye wakili atawaangusha.

Perege huzaa kwa muda mrefu wa mwaka, wakati kambale na ningu hutegemea mafuriko. Kwa hiyo ningependekeza eneo dogo lifungwe mwaka mzima, na eneo kubwa zaidi lifungwe kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili. Chagueni dogo mnaloweza kuliona kutoka kijijini. Ghuba moja inayolindwa kweli ni bora kuliko kilomita tano zilizofungwa kwenye karatasi. Mipaka iwekwe kwa vidumu vyeupe vya lita tano vilivyofungwa kamba na jiwe, kila baada ya mita 50, pamoja na nguzo mbili za ukingoni zenye rangi. Acheni mlango wa mitumbwi na wa wachota maji, na mlango huo uandikwe ndani ya sheria ndogo, la sivyo utaongezeka upana kila wiki.

Hatua ya saba: rudisha kilichopotea

Matete hupandwa kwa vipande vya shina vyenye vifundo vitatu, vikipachikwa kwenye tope lenye unyevu maji yanapoanza kushuka, kifundo kimoja kikiwa ardhini. Fungeni ng'ombe mbali kwa msimu mmoja tu, vitashika. Mahali pasipo na mimea kabisa, zamisheni mafungu ya matawi ya miiba yaliyofungwa kwa mawe. Hukinga vifaranga na pia huyachana makokoro. Mafungu hayo yasitumike kamwe kuvulia, maana yakizungushiwa wavu hugeuka mahali pa kuwakusanya watoto ili wamalizwe. Magugu maji yasipandwe wala kuachwa, hata kama vifaranga huonekana chini yake, kwa kuwa hufunika mwanga na kuimaliza hewa ya majini. Juu ya bwawa, makinga maji shambani na vizuizi vya mawe makorongoni ni sehemu ya kazi hii hii.

Hatua ya nane: maji yanapoondoka

Kuanzia Mei madimbwi hukatika, na vifaranga hunasa. Chimbeni mfereji mwembamba kuelekea bwawani ikiwa maji bado yanaruhusu. Hiyo ni njia bora kuliko ndoo. Ikibidi ndoo, fanyeni asubuhi mapema kukishakucha, jazeni maji ya dimbwi lenyewe, beba vifaranga wachache kwa kila safari, kisha iacheni ndoo ielee bwawani kwa dakika kumi na tano huku mkiongeza maji mapya kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Msiwapeleke kwenye bwawa la njia nyingine ya maji, na msikubali vifaranga vya sato, yaani perege wa Nile, vilivyoletwa kwa nia njema kuachiwa Mtera, Bahi au Hombolo: sato huzaliana na perege wetu wa asili, na mchanganyiko huo hauwezi kutenguliwa.

Mwisho wa Aprili, siku moja kabla ya eneo kufunguliwa, rudieni michoto yote 60 katika sehemu zilezile sita, kwa wavu uleule na saa ileile. Nakala moja ya hesabu ibaki kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwa katibu wa BMU, na namba zisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu, pamoja na zile za sehemu tupu, mbele ya wavuvi watakaoingia majini kesho yake.